Bosi na Uwanja wa Saruji

Shuleni walimwita Bosi, maana muda wote amekaa. Miguu yake haikuwa na nguvu wala hisia tangu azaliwe. Mama yake, fundi cherehani, aliposikia jina hilo alitaka kwenda kugombana na mtu. Mtoto akacheka: "Waache mama, kwani bosi si ndiye mkubwa?"

Siku yake ilikuwa Jumamosi. Mwalimu wa michezo alikuwa na sheria moja tu: wote chini! Anayetembea, asiyetembea, kila mtu anakaa mchangani, anajiburuza kwa mikono, mpira unapigwa kwa kiganja. Hapo Bosi alikuwa moto wa kuotea mbali. Wenye miguu yao wanahema kama mbuzi, yeye keshafunga.

"We Bosi, umefungwa injini?" wenzake wanamtania.

Akirudi nyumbani anakomba mpaka sufuria. Mama akamshonea kaptula zenye kiraka cha turubai matakoni.

Furaha ndiyo iliyomponza mama. Kwenye kikao cha wazazi akasimama, akasema mvua ikinyesha kiti cha magurudumu cha mwanawe kinazama mchangani, wamsaidie njia ya saruji kutoka getini hadi darasani. Makofi! Watu wakachanga, saruji ikaja, na kwa kumpenda wakamwaga uwanja mzima.

Jumamosi ya kwanza Bosi akajiburuza kama kawaida. Waliopiga kelele ni wenzake. Turubai limechanika, nyuma yake mstari wa damu, na mwenyewe hana habari, anadai tu, "Pasi! Nipe pasi!"

Mwalimu akafuta sheria. Sasa wanacheza wima. Bosi akapewa filimbi, akae kwenye kiti pembeni ya goli.

Mama yake akamfuata mwalimu mkuu.

"Mimi niliomba njia tu, mwalimu."

"Tumekupa uwanja mzima, mama, bado unalalamika?"

"Basi vunjeni hata kona moja."

"Saruji mpya ile! Wazazi nitawaambia nini?"

Jumamosi iliyofuata Bosi hakutaka kuvaa.

"Tumbo linauma, mama."

"Wapi?"

Akagusa popote.

"Na filimbi yao je?"

"Wapulize wenyewe. Si wana midomo?"

Sahani yake ilikuwa haijaguswa. Mama hakubisha. Akavuta kaptula iliyobaki, akachukua wembe, akaanza kufumua kiraka. Turubai lilikuwa bado zima, lingemfaa mteja. Kutoka uwanjani, ng'ambo tu ya nyumba yao, nyayo za watoto zilisikika zikipiga saruji, pa, pa, pa. Bosi akageukia ukutani.