Katambuga Kumi za Mguu wa Kushoto

Lami ya kona ya zahanati, Area D, ilipomwagwa mwezi wa sita, Emilia alivua viatu akaikanyaga kama mtu anayejaribu zulia la ugenini. Miaka kumi na mmoja alikuwa ameinama kwenye mashamba ya zabibu ya Makutupora, msimu hadi msimu, akipogoa mizabibu ya wengine. Sasa ulikuwa mwaka wake wa tatu kwenye pikipiki yake mwenyewe, mwanamke pekee katika kijiwe cha madereva kumi. Kina mama waliotoka kliniki walizipita pikipiki za mbele wakamfuata yeye. Wenzake walilalamika mwanzoni, kisha wakazoea.

Hakuna aliyewaambia kwamba lami nayo ina moyo wake. Mwezi wa kumi jua la Dodoma liliishika tangu asubuhi, na ikifika saa saba ilikuwa laini kama ugali uliopunjwa unga. Stendi ya pembeni, kile kichuma kinachobeba pikipiki nzima, ilizama taratibu. Pikipiki ikainama, ikainama zaidi, ikalala. Waliotumia stendi kubwa ya katikati hawakuangusha kitu, ila waliacha mashimo mawili badala ya moja.

Jumatatu mwenyekiti wa mtaa, mzee Castory, alikuja kuyahesabu mashimo hayo hadi akachoka.

"Shikamoo, mwenyekiti," Emilia alisema.

"Marahaba, Mama Anitha. Barabara hii tumeililia miaka tisa. Ninyi kwa miezi minne mmeifanya chekecheke."

"Jua ndilo lenye makosa, mzee," alisema Hamza, jamaa wa Kondoa ambaye mdomo wake haukuwa na breki.

"Jua nitalihamishia wapi? Nitawahamisha ninyi." Akanyoosha mkono kuelekea ng'ambo ya korongo, mbali, kwenye vumbi tupu. "Haya mashimo yatazibwa kesho. Alhamisi saa nane nakuja. Nikikuta jipya ambalo kidole changu kinaingia, mnahama siku hiyo hiyo."

Emilia alilitazama korongo. Hakuna mama mwenye mtoto wa homa ambaye angelivuka kwenye jua kali kumfuata yeye kule. Kuhamia ng'ambo, kwake, kulikuwa ni kurudi Makutupora.

Jumatano Hamza alileta vipande vya mbao kutoka kwa seremala, vinene kama tofali. Wakaviweka chini ya stendi, na kwa nusu saa hakikuzama hata kimoja. Hamza akaanza kucheza ngoma peke yake. Ndipo ulipokuja upepo, na upepo wa Dodoma haubishi hodi. Mbao nene zilikuwa zimezisimamisha pikipiki wima kama askari, hazina pa kuegemea. Ya kwanza ikasukumwa upande wa kulia ikaangukia ya pili, ya pili ikaangukia ya tatu. Ya tatu ilikuwa ya Emilia. Kioo chake cha pembeni kilimwagika barabarani.

"Tumepata dawa inayoua mgonjwa," Hamza alisema.

Emilia alichuchumaa kuokota vioo. Alikumbuka nguzo za shambani, zilivyokuwa zikididimia kwa uzito wa zabibu zilizoiva kwenye udongo uliolowa, na jinsi walivyozitegea jiwe bapa chini. Mzigo hautaki kitu kirefu, unataka kitu kipana. Akainua macho, na mbele yake kulikuwa na miguu ya Hamza ndani ya katambuga za tairi la lori, bapa, pana, ngumu hata miiba haikupenya. Akaikimbiza pikipiki sokoni bila kuaga.

Mbwana, mtengeneza katambuga, alikuwa akinoa kisu.

"Nataka nyayo kumi, kaka. Bila kamba. Zote za mguu wa kushoto."

Kisu kilisimama. "Na za kulia?"

"Sizihitaji."

"Dada, nina miaka ishirini kwenye kazi hii. Ukoo wenye miguu ya kushoto pekee sijauona."

"Ni pikipiki. Zinasimamia kushoto."

Mbwana alifikiri. "Zinavaa namba ngapi?"

"Kubwa kuliko yako. Na ukate kwenye tairi lenye nyaya ndani, zisipindike."

Alhamisi kila unyayo ulitobolewa kisigino, ukafungwa kwa uzi kwenye usukani, dereva asije akaondoka akausahau. Emilia aliunyoosha mkono hewani, akaupima upepo.

"Geuzeni zote," akasema. "Upepo uje kutoka kulia, uziegemeze kwenye stendi. Tieni gia ya kwanza."

Wakageuza. Saa saba lami iling'aa. Saa saba na nusu upepo ulifika, ukazisukuma pikipiki zote kumi pamoja. Zikalia kidogo, zikabaki zimeegama.

"Mama Anitha," Hamza alinong'ona, "moyo wangu umejipiga kiki wenyewe."

Mzee Castory alifika na mwavuli. "Ondoeni."

Emilia alitangulia, akaiinua pikipiki yake. Alivuta uzi, na unyayo ukabanduka kama chapati kwenye kikaango kikavu. Chini yake kulikuwa na alama ya mguu, tambarare, inang'aa. Mwenyekiti alichuchumaa akaitafuta kasoro kwa kidole, akakandamiza ili ahakikishe, na kidole kikazama. Alikichomoa haraka, kimeungua, cheusi hadi kwenye pingili. Kishimo kikabaki pale, cha duara, kizuri.

Kijiwe kizima kilisogea kukitazama.

"Kwa hicho kishimo, mwenyekiti," Hamza aliuliza kwa adabu, "unahama lini?"

Emilia alitamani kumziba mdomo. Mzee alikitazama kidole, akamtazama Hamza, midomo yake ikashindana na kitu, kikaishinda. Alicheka hadi mwavuli ukamtoka mkononi. Kisha akazikagua alama tisa zilizobaki kwa kifuniko cha kalamu, moja moja, bila haraka. Hakikuingia popote.

"Kaeni," akasema. "Atakayekuja bila kiatu nisimwone."

Kwenye lango la zahanati mama mmoja alipunga mkono, mtoto begani. Emilia alikuwa ameshamfikia kabla wenzake hawajamaliza kushangilia.

"Mbona wote wana furaha hivyo?" mama aliuliza akipanda.

"Nitakusimulia njiani," Emilia alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko injini.