Uyoga Alioutafuna Panya

Iko siku moja, mwanangu, mpaka leo haijanitoka kichwani. Wewe unanijua kwa pikipiki zangu zinazopeleka mizigo Salamabila, na kwa nyumba ya mabati niliyoijenga bila hata kumaliza shule ya msingi. Basi huyu mtu mkubwa nusura amuue mkewe kwa ujanja wake.

Tulikuwa tunakaa kijiji cha Wamaza. Zaina alikuwa na mimba ya kwanza, hamu yake nyama tu. Nikaenda porini kutazama mitego yangu ya panya: mitupu. Lakini kwenye gogo lililooza nikaona uyoga mnene, mweupe, wa namna nisiyowahi kuiona, na panya mdogo anautafuna bila wasiwasi. Nikawaza, mnyama ameshaonja, mimi nani nikatae? Nikauchuma, Zaina akaupika kwa mawese.

Sufuria ikiwa bado motoni, mama yake akaingia. Kwetu mama mkwe hasemi na mkwe wake uso kwa uso. Neno lake hulipitisha kwa mwingine. Siku ile alisahau heshima zote.

“Nani ameleta hii?”

“Mimi, mama. Panya alikuwa anaikula.”

“Kumbe binti yangu ameolewa na panya! Tumbo yako na yake iko moja?”

Akamwaga yote shimoni. Zaina akasema polepole, “Mama, mimi nimeshaonja muchuzi.”

Nikamlaza mkekani, mwanangu. Kutwa ile na kesho yake sikutoka pale mkekani, namtazama anavyopumua. Mwishowe akanisukuma: “We bwana, unanitazama nini? Nina njaa, leta bugali!”

Nilicheka huku machozi yananitoka. Mama mkwe, uso ameugeuzia ukutani, akasema, “Zaina, mwambie mume wako safari ingine alete panya mwenyewe.”

Kama uyoga ule ulikuwa na sumu, sijui. Hakuna aliyeujua, na hatari ndiyo hiyo. Panya akikuona anakimbia, ukimkosa umekosa kitoweo tu. Uyoga haukimbii, unakungoja hapo hapo, mzuri, kimya. Kwa hiyo usiuchume usioujua, hata wanyama wote wa pori wakiula mbele yako. Waulize kwanza kina mama, nao wakitikisa kichwa, rudi mikono mitupu bila haya.

Mungu akujalie jiko lisilokosa moshi, na wote waliokula kwako waamke wakidai kingine.