Wayaringi ya Ukutani

Kwa miaka miwili wayaringi ile ilining'inia kwenye karakana ya Dastan, pale Majengo, Songea, juu ya msumari mmoja mrefu, kama ngozi ya mnyama aliyewahi kusifiwa. Ilikuwa fungu la nyaya za guta, pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mizigo. Nyaya zenyewe zilifungwa pamoja kwa tepu nyeusi, zikaachana huku na huku kama matawi, na kila tawi likaishia kwenye soketi yake: ya taa, ya honi, ya breki, ya indiketa. Emerensiana aliitengeneza kwa mikono yake mwaka ule karakana ilipofunguliwa. Ilikwenda Nalasi, wilayani Tunduru, ikafanya kazi misimu saba kwenye guta la korosho la Mzee Jumanne, mkulima wa huko, ikanyeshewa, ikala vumbi, wala haikurudi na lawama. Guta lilipochoka kabisa, mzee aliing'oa akaileta mwenyewe.

"Chuma kimekufa," alisema, "lakini nyaya zako bado hai. Nimeona haya kuzitupa."

Emerensiana aliifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akaitundika. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwenye kutumia mkono wa kushoto na maneno machache, na sifa ile ilimkaa moyoni kuliko alivyotaka watu wajue.

Ufundi hakuupata kwa njia rahisi. Baba yake alimpeleka shule ya ufundi ya parokia ajifunze cherehani, ila dirisha la darasa la ushonaji lilitazamana na karakana ya umeme, na macho yake yakawa huko kila siku. Gereji ya kwanza aliyofanyia kazi ilikuwa ya fundi mmoja aliyeitwa Makarius. Alidumu miezi mitano. Siku moja nyaya za lori la mahindi ziliungua, na muungo wa nyaya ulioleta moto ulikuwa kazi ya Makarius mwenyewe. Emerensiana alimwona akiufunga. Mwenye lori alipouliza, Makarius alimtazama msichana, akalitazama lori, akasema: "Mikono ya kike haishiki lehemu." Jioni ile Emerensiana alirudi kwao kwa miguu na bisibisi zake ndani ya kikapu. Hakuwahi kumsimulia mtu.

Julai hii, katika baridi ile ya Songea inayowafanya mafundi wavae masweta mawili mawili, Dastan alirudi kutoka Dar na boksi.

"Dada Emere, yale mambo ya kupima waya mmoja mmoja kwa mita yamekwisha," alisema. "Hii testa inapima zote kwa mpigo."

Boksi lenyewe halikuwa na makuu: bati la kijivu, ukubwa wa redio ya zamani, taa moja nyekundu, moja ya kijani, na mlango wa kuunganishia kompyuta. Kazi ilikuwa kulitengenezea mahali pa kufanyia kazi. Emerensiana alichukua mbao nyembamba ya upana wa mlango, akachora juu yake njia yote ya wayaringi ya guta, akapigilia misumari pande zote za njia ili nyaya zilale bila kuhama. Kila tawi lilipoishia, alifunga soketi ya kulipokea. Nyuma ya soketi alivuta waya mwembamba kwa kila pini hadi kwenye testa, pini thelathini na mbili, na kila pini akaipa namba na kuiandika kwenye daftari. Wiki mbili zilikwisha hivyo. Hakumruhusu mtu mwingine kugusa hata msumari.

Ikabaki kuifundisha. Dastan alisoma maelekezo kwa sauti, kijitabu mkononi.

"Kuna njia mbili. Ya kwanza, unaandika mwenyewe, pini kwa pini: hii inaungana na ile, hii haiungani na yoyote. Ya pili, unachomeka wayaringi nzuri, unabonyeza hapa, inajifunza yenyewe."

"Inajuaje kama ni nzuri?"

"Haijui. Inakuamini wewe."

Wote wawili waliinua macho ukutani kwa pamoja.

Emerensiana aliitungua ile ya Mzee Jumanne, akailaza kwenye mbao, akachomeka soketi moja moja. Dastan akabonyeza. Testa ilipeleka umeme kidogo kwenye pini ya kwanza na kuzisikiliza nyingine zote, ipi imeupokea. Kisha ya pili, kisha ya tatu, kama mwalimu anayeita majina darasani. Mtu asingewahi hata kumaliza kupiga chafya. Taa ya kijani ikawaka. Tangu hapo wayaringi yoyote ingepimwa kwa kulinganishwa na ile.

Mwanahawa alikuwa kwenye wiki yake ya mwisho ya majaribio. Alikuwa binti wa Kiyao wa miaka ishirini na minane, kwao Nalasi, aliyejifunzia lehemu kwenye kibanda cha baba yake cha kutengeneza redio. Alipewa miezi mitatu, na Jumamosi ilikuwa siku ya kujua kama anabaki au anapanda basi kurudi. Mtoto wake alikuwa kwa bibi. Akibaki, angemleta aanze shule Songea mwezi wa kwanza. Alikuwa mchangamfu, na alikuwa mtu pekee aliyeweza kumtania Emerensiana.

"Ninyi Wangoni," alisema Jumatatu, akitazama safu za misumari kwenye mbao, "hata kupima waya mnajipanga kama mnakwenda vitani."

"Na ninyi Wayao mngekuwa mmeshauuza," alijibu Emerensiana. "Lete yako ya kwanza."

Ikawaka nyekundu. Kwenye kompyuta pakaandikwa kwamba pini ya kumi na moja na ya ishirini na tatu hazijaungana. Emerensiana alitazama daftari: ethi ya mbele, ethi ya nyuma. Ethi ni waya wa kurudishia umeme kwenye bodi ya chombo, na kwa fundi yeyote ethi zote ni ndugu. Hakuna ajabu mashine ikitaka zishikane.

"Lehemu yako ya ethi ni baridi," alisema. "Imekaa juu juu. Rudia."

Mwanahawa alirudia. Nyekundu. Akaleta ya pili, nyekundu. Ya tatu, nyekundu, na namba zile zile. Kufikia Jumatano alikuwa na wayaringi sita, zote zimekataliwa, na utani ulikuwa umemwisha. Kwenye rafu ya juu zilikaa sita nyingine, alizozitengeneza Emerensiana kabla ya testa kufika. Hizo hazikupimwa. Alizijua.

Jioni hiyo Dastan alimvuta pembeni. "Anafaa?"

"Mkono wake mwepesi," alisema Emerensiana. "Lehemu ndiyo bado."

"Basi Jumamosi tutaagana naye vizuri. Tuna oda ya wayaringi kutoka Tunduru, haiwezi kungoja mtu ajifunze."

Emerensiana hakupinga. Alikwenda nyumbani, akapika ugali, akala peke yake.

Alhamisi, muda mfupi kabla ya adhuhuri, Mwanahawa alisimama mbele ya mbao, mikono nyuma.

"Dada, naomba kitu kimoja, usinikasirikie."

"Sema."

"Weka na ya kwako."

Emerensiana alicheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Yangu?"

"Nione tu jinsi kijani inavyowaka. Nisije nikarudi Nalasi bila kuiona."

Hakukuwa na namna ya kukataa ombi lililosemwa hivyo. Emerensiana alishusha moja kutoka rafuni, akailaza, akachomeka, akabonyeza. Ikawaka nyekundu. Kumi na moja, ishirini na tatu.

Walisimama wote wawili wakiitazama ile taa. Nje mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma, na mtu alikuwa anaita wateja wa viatu vya mtumba. Mwanahawa hakutabasamu, na Emerensiana alimshukuru kimoyomoyo kwa hilo.

"Ngoja nikaswali," alisema binti hatimaye, akatoka.

Emerensiana aliitungua wayaringi ya ukutani. Aliipapasa taratibu kuanzia tawi la mbele, kama mtu anayetafuta uvimbe, na karibu na mgawanyiko wa nyuma kidole chake kikakuta mahali palipokuwa panene kuliko panavyotakiwa. Akachana tepu kwa wembe. Chini ya tepu palikuwa na uzi wa gunia, umezungushwa mara nyingi na kukazwa kwa fundo la mtu wa mkono wa kushoto. Chini ya uzi, kipande cha waya wa kijani uliofifia kilichoshika ethi ya mbele na kuiunga na ethi ya nyuma. Waya huo haukuwemo kwenye mchoro wa karatasi aliotumia kuitengeneza. Haukuwemo kwenye wayaringi yoyote duniani isipokuwa hii.

Kumbukumbu ilimjia polepole. Nakapanya, masika, anarudi kutoka mazikoni pwani, basi limesimama ili abiria wanunue mihogo. Mzee Jumanne kando ya barabara na guta lililojaa magunia, taa ya mbele inafumba na kufumbua. Bolti iliyoshika ethi ya mbele ilikuwa imeliwa na kutu. Yeye, ambaye hubeba koleo kwenye mkoba kama wengine wanavyobeba rozari, alichomoa kipande cha waya kwenye redio bovu la muuza duka, akafunga kwa uzi wa gunia, akapitisha tepu juu, huku dereva wa basi akipiga honi. "Hii ni ya kukufikisha tu, mzee. Uje Songea niifanye vizuri." Mzee hakuja. Kilichokuwa cha kumfikisha tu kilimfikisha miaka mitano, na yeye aliyekifunga akasahau.

"Mbona umeichana?" Dastan alikuwa mlangoni, kikombe cha chai mkononi. "Na nasikia hata ya kwako imekataliwa. Mashine ni mbovu? Sema ukweli, maana yule aliyeniuzia Dar yupo bado. Nairudisha wiki hii hii."

Neno moja lingetosha. Mbovu. Boksi lingerudi Dar, binti angebaki, na jina la Emerensiana lingebaki ukutani bila doa. Hakuna ambaye angeumia isipokuwa mtu asiyemfahamu, na huyo naye angebisha kidogo tu. Emerensiana aliushika ule uzi kati ya vidole viwili. Kwa miaka yote alikuwa akimhesabu Makarius kuwa mtu mbaya. Sasa aliona kwamba labda alikuwa tu mtu mwenye jina, aliyepewa dakika moja fupi kama hii, na dakika ile ikapita.

"Mashine nzima," alisema. "Imejifunza nilichoifundisha. Nimeifundisha kosa."

"Kosa la nani?"

"Langu. Huu muungo niliufunga barabarani, Nakapanya, nikausahau. Wayaringi sita za Mwanahawa zote nzima. Nilimwambia lehemu yake mbovu, na wewe nikakuambia hivyo hivyo. Haikuwa kweli."

Dastan aliweka kikombe chini, akainama kutazama. "Lakini waya huu haukumdhuru mtu. Miaka yote hiyo."

"Haukudhuru. Ila hakuna aliyekaa akaamua uwepo. Na sasa tunakataa kazi nzuri kwa sababu haina kidonda."

Dastan aliufuata ule waya kwa kidole. Kisha akasema, "Mwambie mwenyewe," akachukua chai yake na kutoka.

Mwanahawa alirudi, uso bado mbichi kwa maji ya udhu. Emerensiana alimvutia stuli, akamwonyesha uzi, waya, fundo. Akasema yote, pamoja na aliyomwambia Dastan Jumatano. Alipomaliza, binti alinyoosha mkono wa kulia. Ncha za vidole viwili zilikuwa na malengelenge.

"Nimelehemu zile ethi mara kumi na nne, dada."

"Najua."

"Usiku nilikuwa naota ethi."

"Nisamehe, mdogo wangu."

Mwanahawa aliukagua uso wake, akitafuta kitu. "Mngoni akiomba radhi ndiyo anaomba hivi?"

"Hivi hivi. Kwa shida."

Hapo ndipo binti alipocheka, ingawa macho yalikuwa yamelowa.

Safari hii walichagua njia ndefu. Mwanahawa alisoma mchoro, pini kwa pini, na Emerensiana akaandika kwenye kompyuta kwa kidole kimoja cha kushoto. Moja na kumi na tisa, zinaungana. Kumi na moja, peke yake. Walipogombana walirudi kwenye mchoro, na mchoro ulipokuwa umefutika walikwenda nje kutazama guta moja lililokuwa likisubiri matengenezo. Iliwachukua Alhamisi yote iliyobaki na Ijumaa nzima. Kila pini waliipa jina pia, ili siku nyingine mashine iseme "ethi ya mbele" badala ya kutupa namba mtu azitafsiri anavyotaka.

Jumamosi asubuhi Dastan alikuja kushuhudia. Mwanahawa alikuwa ameshaishika wayaringi yake ya kwanza.

"Anza na zangu," alisema Emerensiana.

Ya kwanza, kijani. Ya pili, ya tatu, ya nne, kijani. Ya tano ikawaka nyekundu, na safari hii kompyuta ilitaja majina: indiketa ya kushoto imekwenda kulia, ya kulia imekwenda kushoto. Hapakuwa na uzi wa kulaumu wala mvua ya Nakapanya. Dastan aligeukia dirishani kana kwamba ameitwa.

Ya sita, kijani. Zikafuata sita za Mwanahawa. Zote sita kijani.

"Jumatatu saa moja na nusu," Dastan alimwambia binti, "na ulete barua ya serikali ya mtaa, tukuandikie mkataba." Akaenda zake.

Mwanahawa aliichukua ile ya tano akaisogeza mbele ya Emerensiana kwa adabu zote.

"Dada, lehemu ya baridi?"

"Mkono wa kushoto," alisema Emerensiana, naye akatafuta sindano ya kuchomolea pini. Kabla ya kuketi aliitundika ile ya Mzee Jumanne kwenye msumari wake, tepu ikiwa wazi, uzi wa gunia ukionekana kwa yeyote aingiaye.