Maiti Aliyeomba Sombe

Mama Bernadette wa Mahagi alikuwa na kasoro moja: hakujua kungoja. Mwaka 2009 redio ilipotangaza kwamba mahakama ya jeshi mjini Bunia imemhukumu kifo mwanawe Athanase, askari aliyeikimbia vita, hakuulizia zaidi. Alinyoa kichwa, akaweka matanga siku tatu, na majirani wakala mbuzi wake wawili. Kwamba Athanase alikimbia, hakushangaa hata kidogo. Tangu utotoni mtoto yule alikimbizwa hata na bata.

Na nani angemlaumu mama huyo kwa haraka yake? Enzi za Zaire kaka yake alihukumiwa Jumatatu, Ijumaa akapigwa risasi. Kwake yeye hukumu na kaburi vilikuwa kitu kimoja. Basi akakunja sanda, akapanda lori la maharage, akaja Bunia kudai mwili.

“Shefu, nimekuja kubeba maiti ya Athanase,” alimwambia mlinzi wa gereza, Liévin.

Liévin akageuka, akaita. Akatoka Athanase, mzima, na neno lake la kwanza likawa kuulizia mboga ya majani ya muhogo: “Mama, uliniletea sombe?”

Mama Bernadette alipiga magoti, akalia kwa furaha. Kisha akainuka, akamzaba kofi.

“Siye tulikulilia siku tatu! Mbuzi zangu mbili, weye!”

Liévin alicheka mpaka akashika ukuta. “Mama, ile ilikuwa ya zamani. Toka deux mille trois, ni miaka sita sasa, tribunal ya jeshi inasema kifo, lakini hawaue tena. Karatasi inalala Kinshasa.”

“Sheria waliifuta?”

“Hapana. Iko tu.”

“Basi wanaweza kumuua kesho?”

“Kesho, hapana. Kiisha kesho, miye sijue.”

Furaha yake ikaingia ubaridi. Akamtazama mwanawe vizuri: mashavu yamebonyea, suruali imefungwa kwa kamba.

Liévin akashusha sauti. “Mama, hapa haiko risasi inaua. Chakula ni kidogo. Wenye hawana mutu wa kuwaletea, wale ndio tunazika.”

Lori la kurudi Mahagi lilikuwa limeshawasha injini. Hakuligeukia.

“Shefu,” alisema, “soko iko wapi?”

Akapanga chumba mtaa wa Lumumba. Miaka saba imepita. Redio ikisoma habari za mahakama, bado moyo humdunda, na haoni haya kusema anaogopa. Lakini kila mchana yuko mlangoni na sufuria, na Athanase, mtu wa kuuawa, ameota kitambi.