Kutoka Toronto kwa Usiku Mmoja

Mwanangu alisafiri kutoka Toronto hadi kwetu milimani Upare kwa usiku mmoja.

Jambo hilo haliwezekani. Ndiyo sababu ninaandika.

Mke wangu, Beatha, alifariki Jumanne, nasi tukapanga kumzika Ijumaa. Alhamisi jioni mzaliwa wetu wa kwanza, Eliufoo, alipiga simu kwa mtandao.

"Baba, ndiyo naingia kwenye ndege. Nikichelewa, zikeni tu."

Kwetu mzaliwa wa kwanza hutangulia kutia udongo kaburini.

"Hatuziki bila wewe," nikamjibu.

Nilifundisha jiografia maisha yangu yote. Nilitwaa tufe langu la darasani, nikanyoosha uzi kutoka Toronto hadi uwanja wetu wa ndege, KIA. Kilomita elfu kumi na mbili na ziada. Angani pekee ni zaidi ya saa kumi na nne. Bado kubadilisha ndege, bado barabara ya Same, bado mlima wetu.

Nikaahirisha mazishi hadi Jumamosi.

Dada yangu Ernesta alinijia juu mbele ya waombolezaji. "Kaka, wali wa kuwalisha watu hawa siku ya pili utatoka ndani ya hilo tufe?"

Nilikuwa na hesabu yangu.

Ijumaa asubuhi, watu wakinywa chai, Eliufoo akaingia uani.

"Shikamoo, baba."

Sikuitikia. Watu walimkumbatia wakilia. Binti yangu Careen akaninong'oneza, "Baba, acha kukaza. Ndege za siku hizi ni balaa!"

"Ndege ya namna hiyo haipo."

Nilitazama viatu vyake. Vumbi jeupe lilikuwa limejaa kwenye mishono. Nikamwita nyuma ya zizi.

"Umetoka wapi?"

"Makanya, baba. Machimbo ya jasi. Mwaka wa tatu huu."

"Na Toronto?"

"Hati za wakala zilikuwa bandia. Nilirudishwa palepale KIA. Kanisa zima lilikuwa limeniombea safari, baba. Ningepandaje tena mlima huu?"

"Na leo umepandaje?"

Akainama. "Nilidhani mtazika leo, nije kesho nisingizie ndege. Careen, akidhani niko safarini, akaniandikia kwamba mama analala mochwari siku nyingine kwa ajili yangu. Nikashindwa kuvumilia."

Kutoka ukingo wa shamba langu, Makanya inaonekana yote kule bondeni, hadi weupe wa machimbo yake. Beatha alizoea kusimama pale jioni kumwombea mwana aliye ng'ambo. Aliomba macho yake yakiwa machimboni, wala hakujua.

Jumamosi Eliufoo alitangulia kutia udongo. Nilimruhusu kwa heshima ya mama yake.

Ninyi mnaojifanya mko mbali, nisikilizeni. Mzazi anaweza kuishi na mtoto mchimba jasi, hata akajivuna kwa ajili yake. Msimwache apime dunia kwa uzi akimtafuta mtu ambaye angeweza kumwita kwa sauti.

Shikamoo yake bado sijaiitikia.