Kengele za Hiram

Hiram Wabwile hakuwa mtu wa kutulia. Ukimpa kiti, anasimama. Ukimpa chai, anazunguka nayo uani mpaka inapoa. Lakini kilichommaliza kabisa ni Agosti ya mwaka wa tohara. Hapo Bungoma nzima husikia chinyimba, zile kengele za chuma ambazo mvulana wa Kibukusu huzipiga akikimbia boma hadi boma kualika ukoo, na Hiram, mwanamume mzima wa miaka ishirini na minane, alikuwa akizisikia anafunga dirisha.

Yeye hakuwahi kuzipiga. Baba yake, mlokole wa kutupwa, alimpeleka hospitalini kimyakimya mwaka wa themanini na mbili, wakarudi nyumbani, basi, mambo kwisha. Haya, kutahiriwa alitahiriwa. Lakini desturi inataka mtoto aende na kengele zake kwa mjomba, ndugu ya mama, amwalike kwa heshima. Mjomba Khaemba, kule Chwele, alikuwa ametenga fahali wa kumchinjia. Akangoja wee. Hakuja mtu! Tangu hapo alimfungia mlango dada yake Lenah, mama yake Hiram, na hata yule mlokole alipofariki, Khaemba hakukanyaga matanga. Sasa ni mwaka wa tisini na nane, na habari zimefika kwamba mzee anaumwa, hata kuinuka ni shida.

“Nitamwona kaka yangu akiwa ndani ya sanduku,” Lenah alisema jioni moja wakila, na Hiram akausukuma ugali kando.

Hiram alikuwa fundi katika chuo kidogo cha kompyuta mjini Kitale, cha mama mmoja aitwaye Chepkemoi. Mzungu fulani aliyekuja kufundisha kwa kujitolea alikuwa amemwachia disketi yenye programu ya muziki, ya bure kabisa. Aliyeitengeneza ameandika mle ndani kwamba itumiwe, inakiliwe, igawiwe, na asidaiwe mtu.

“Vitu vya bure vitakuletea virusi, Hiram,” Chepkemoi alimtania.

“Wacha vije, madam.”

Ajabu ya programu hiyo, haikuwa na ngoma wala gitaa. Ilikuwa na visanduku tu kwenye skrini. Kimoja kinatoa mlio mtupu, kingine kinaamua mlio ufe haraka au polepole, kingine kinavuma kama mvua juu ya mabati. Unaviunganisha mwenyewe kwa kuchora nyaya na mausi, halafu unasikiliza umezaa nini. Wazo likamjia Hiram na halikumwacha alale. Kengele zenyewe hakuthubutu kuzishika, maana mtu aliyekwisha kutahiriwa akizibeba atachekwa mpaka Webuye. Lakini kuziumba kutoka hewani, nani angemkataza?

Loo, alihangaika! Mara ya kwanza akapata kengele ya baiskeli. Akachora upya, akapata ya kanisa. Siku nyingine alifungulia spika, darasa zima la taipu likainuka likatoka nje likidhani ni saa ya chai, na Chepkemoi akamjia juu kweli kweli. Hiram akavuta nyaya, akazing'oa, akazivuta tena. Mwishowe chuma kikalia kama chuma. Akarekodi kwenye kaseti, akaikimbiza kwa mama yake.

Lenah alisikiliza huku akimenya viazi. “Ni zenyewe,” akasema. “Lakini huyu ameketi.”

“Ameketi vipi, mama?”

“Mtoto wa chinyimba anakimbia, bana. Anaogopa. Anahema. Huyu wako ametulia ati ni karani.”

Neno hilo lilimwasha Hiram wiki nzima. Mpaka adhuhuri moja akatoka akaanza kukimbia kuzunguka uwanja wa chuo, mikono ikipiga hewa, wanafunzi wakivunjika mbavu. Akarudi akihema, hata jasho hakupangusa. Akachukua kile kisanduku cha mvua, akakiunganisha na kinachopanga mapigo, ili mapigo yatikisike, mara yakimbilie mbele, mara yachelewe. Akabonyeza. Nywele zikamsimama.

Jumamosi walikwenda Chwele. Walipofika, Lenah aligoma langoni. Alisema hawezi kuingia boma alikofukuzwa. Hiram akaingia peke yake na redio-kaseti kwapani. Mjomba Khaemba alikuwa ameketi uani, blanketi mabegani. Hiram akasalimu. Akaiweka redio chini, akafungulia kabla moyo haujamtoroka.

Kengele zikalia. Wanawake walichomoka jikoni, wakatazama njiani kumtafuta mtoto. Hakukuwa na mtoto.

“Ni nani huyo anapiga?” mzee akauliza, macho kayafumba.

“Ni mimi, mjomba. Hiram, mwana wa Lenah. Nimekuja kukualika.”

Hiram alingoja aambiwe toka. Mzee akashika fimbo, akajivuta, akasimama akitetemeka, akampiga kofi zito la shavu.

“Mwoga wewe! Kengele unaletea mimi kwa redio? Baba yako aliogopa, na wewe si unaogopa? Ukiona kisu utakimbia mpaka Uganda! Nimekungoja mpaka fahali yako ikazeeka, mjinga wewe!”

Matusi hayo Hiram aliyajua. Nani Bungoma asiyeyajua? Ndivyo mjomba anavyompokea mwana wa dada yake aliyekuja na kengele: anamchapa kofi, anamtukana, ampime moyo. Wenzake wote walitukanwa hivyo wakiwa wavulana. Yeye hakuwahi kutukanwa na mtu. Akasimama wima kama inavyotakiwa, hakupepesa macho, na machozi yakamtiririka bila aibu.

Na pale langoni, Lenah alikuwa amesikia kila tusi. Alivua viatu, akaingia bomani mbio, akipiga vigelegele.