Solo Lililofunika Majina

Nakumbuka mwaka 1975, nina miaka kumi na sita, wezi walipowaswaga ng'ombe wote wa zizi letu la Nyamuswa wakatuachia kamba na kinyesi. Shule nilikuwa nimeshaiachia darasa la nne. Nikashuka Musoma kubeba samaki mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga. Nakueleza haya, mwanangu, ujue kwamba anayesema nawe hakufundishwa haya kwenye ubao.

Mwaloni ndipo nilipokutana na Majura, kijana wa Suguti. Yeye ana sauti, mimi nina vidole. Tukaunda bendi, tukapiga roki, yale magitaa ya umeme ya kukwaruza, ila maneno ni ya kwetu. Tulikuwaga watano. Leo tumebaki wawili.

Siku moja tukaitwa kupiga harusi Butiama. Sasa hapa sikiliza vizuri. Kwenye harusi tulizokuwa tunapiga kulikuwa na mahali ambapo mwimbaji anataja ukoo wa bwana harusi: baba, babu, babu wa babu. Wazee wanasimama. Gitaa linashuka, linatembea chinichini kama mtu aliyeingia nyumba yenye msiba. Nilijua hivyo, usidhani sikujua. Lakini amplifaya ilikuwa mpya, na wasichana walikuwa wananitazama. Majura alipofika jina la tatu nikapandisha solo. Nikalimwaga! Vijana wakapiga mayowe. Majura anaendelea kutaja, midomo inacheza, sauti haisikiki.

Bibi yake bwana harusi akaja polepole, akalaza fimbo yake juu ya nyuzi zangu. Kimya.

"We mwana," akasema, "hao uliowafunika wamekukosea nini?"

Majura akaniambia nenda kamwombe radhi bibi wa watu. Nikamwambia wivu unakusumbua, mafahali wawili hawakai zizi moja. Nikabeba gitaa langu, nikaondoka. Hatukupiga pamoja tena mpaka nywele zikawa nyeupe.

Mwaka jana akanipigia simu. "Mzee mwenzangu, tufanye albamu, kabla na sisi hatujawa wa kutajwa."

Nikakubali, lakini kwa kiburi kilekile. Kumsubiri mtu sitaki. Akaimba siku yake, nami nikapiga siku yangu, kwenye studio ya binti mmoja wa Musoma, Ghati, fundi mitambo hodari. Ghati akaniwekea sauti ya Majura masikioni. Nikamwambia aipunguze, nijisikie mwenyewe.

Albamu ilipofika kwenye simu yangu, nilizima mashine yangu ya kusaga pale Bunda ninakoishi, nikasikiliza. Nitakuambia ukweli, maana kusifu cha kwako chote ni kazi ya debe tupu. Nyimbo ni nane. Wimbo wa kwanza ulinitoa machozi, sauti ya Majura imepasuka kidogo, na ule ufa umeipendeza. Wa pili ni mbovu, ngoma ya kompyuta inagonga kama mtu anapigilia bati. Wa nne, gitaa langu linalia kama nina miaka ishirini. Kisha ukaja wa sita. Majura anataja wenzetu watatu wa bendi waliotangulia, jina kwa jina, na vijiji vyao. Na juu yao, mimi. Solo refu, tamu, limewafunika wote.

Akina mama waliokuwa na magunia ya mahindi wakashangilia. "Babu, hapo umeua!"

Nilijua nimeua. Bibi wa Butiama alishalala kaburini zamani, nami nikaona fimbo yake.

Nikampigia Majura. Akasema, "Nimesikia. Iache tu, watu wameipenda." Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Na Ghati alikuwa anaituma redioni Ijumaa.

Asubuhi ya Alhamisi nikapanda basi la Musoma, gitaa mapajani.

"Lifute lile solo la wimbo wa sita," nikamwambia Ghati.

"Babu! Ndiyo sehemu wanayoipenda. Nikushushie sauti kidogo tu?"

"Usishushe. Futa. Na umwite Majura, tutakaa chumba kimoja."

Majura akaja na mkongojo, akakaa mbele yangu, magoti karibu yagusane. Akaanza majina. Nikamtazama mdomo, nikapiga chini, tena chini zaidi. Alipomaliza akanicheka. "Leo umemeza dawa gani, mbona gitaa limekuwa na adabu?"

"Fimbo ya bibi haijatoka kwenye nyuzi."

"Imechelewa kufika," akasema. "Lakini imefika." Akakohoa, na kile kikohozi kimo wimboni mpaka leo, nilimkataza Ghati asikitoe.

Vijana waliousikia ule wa sita wa mwanzo, wenye solo, wananiambia ulikuwa mtamu kuliko huu. Inawezekana. Albamu ile mpaka leo siipendi yote, na ule wa pili ningeutupa ziwani. Lakini wa sita, wale watatu wanasikika, na mama mmoja wa Nyamuswa aliposikia jina la kaka yake alikaa chini kwenye vumbi.

Mwanangu, ukipewa nafasi ya kung'ara, kwanza sikiliza nani anatajwa. Ustadi wako usiwe blanketi la kufunikia wenzako. Ukikosea, usitulizwe na makofi ya watu. Kuteleza si kuanguka, lakini anayeona utelezi na kupita palepale amejiangusha mwenyewe. Na kama mwenzako yuko hai, panda basi leo. Mungu akupe masikio kabla ya vidole, na siku jina lako litakapotajwa, gitaa la mtu lishuke.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma Bunda, mashine ya kusaga, ng'ombe kumi na mmoja zizini Nyamuswa, gitaa moja, albamu moja yenye majina mawili, na Majura.